Krediti za Chuo Mtoto Akiwa Bado Haiskuli: Mwongozo Kamili kwa Mzazi Aliye Marekani

Kijana wangu wa kwanza alimaliza haiskuli hapa Minnesota akiwa na krediti 31 za chuo. Nilijitapa kwenye kila harusi niliyoalikwa mwaka ule. Alipoingia chuo kikuu kusomea uuguzi, walizipokea zote 31. Ila alipokaa na mshauri wake kupanga masomo, ikaonekana zilizompunguzia safari ni 16 tu. Zilizobaki ziliandikwa kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama zake, kama masomo ya hiari ambayo shahada yake wala haikuyahitaji. Hakuna aliyetudanganya. Hatukuuliza, basi.

Kwa mdogo wake tuliuliza kabla. Ninayoandika hapa ndiyo niliyojifunza kati ya hao wawili. Natumia mfano wa Minnesota kwa kuwa ndiko ninakoishi, tena ndiko mambo haya yalikoanzia: mwaka 1985 lilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya kumruhusu mwanafunzi wa haiskuli kusoma chuoni kwa gharama ya serikali. Mpango wenyewe unaitwa PSEO, kifupi cha Postsecondary Enrollment Options. Majimbo mengine nayo yana mipango yake, nitayagusa mbele.

Krediti ni kitu gani hasa

Shahada ya kwanza Marekani huwa na krediti 120, na ile ya miaka miwili huwa na 60. Somo moja kwa kawaida ni krediti 3 au 4. Kila krediti ina maana ya saa moja hivi darasani kwa wiki, na saa mbili za kusoma nje ya darasa. Kwa hiyo somo la krediti 3 linakula saa 9 za wiki ya mtoto, muhula mzima. Piga hesabu hiyo kabla hujakubali masomo matano kwa mpigo.

Sisi tuliosoma nyumbani tumezoea mtihani mmoja mkubwa wa mwisho ndio uamue kila kitu. Huku alama zinadondoka kidogokidogo: jaribio la Jumatatu, insha ya wiki ya tatu, majadiliano ya mtandaoni kila Alhamisi. Mtoto aliyezembea mwezi wa kwanza akitegemea kukesha karibu na mtihani wa mwisho, anafika mwisho akiwa ameshachelewa.

Hatua ya kwanza: anza kule krediti zitakakopelekwa

Muulize mtoto anataka kusomea nini. Akisema hajui, ni jibu zuri tu, na lina njia yake. Akisema uuguzi, uhandisi au uhasibu, njia ni nyingine.

Asiyejua aende kwenye masomo ya msingi ambayo karibu kila shahada inayataka: uandishi wa Kiingereza, takwimu, saikolojia ya utangulizi, mawasiliano ya mbele ya watu. Hapa Minnesota kuna kifurushi maalumu cha masomo hayo, krediti 40 zilizogawanywa katika maeneo 10, na vyuo vya umma vya jimbo vinapokezana kifurushi hicho. Mtoto akikikamilisha kwenye chuo cha miaka miwili, chuo kikuu cha umma atakachohamia hakimrudishi kurudia masomo ya msingi. Kwenye tovuti huandikwa kwa kifupi MnTC. Somo lenye alama hiyo kwenye orodha ya chuo ni salama zaidi kuliko lisilo nayo.

Anayejua anachotaka aandike barua pepe kwa chuo anachokitamani, hata kama atakiomba miaka miwili baadaye. Binti yangu, huyo mdogo, aliandika maswali matatu: Nataka kusoma somo hili, lenye namba hii, kwenye chuo hiki, kwenu litahesabiwa kama somo gani? Je, litaingia kwenye mahitaji ya shahada ya uuguzi au litakaa kama somo la hiari? Na je, lina muda wa kuisha? Swali la tatu ndilo lililotuokoa. Programu nyingi za afya zinataka masomo ya sayansi, hasa anatomia, yawe yamesomwa miaka ya karibuni, mara nyingi mitano au saba. Kuna pia tovuti ya bure iitwayo Transferology, unaingiza jina la somo nayo inakuonyesha vyuo vinavyolipokea na vinavyolihesabu. Inasaidia kupata picha, lakini jibu la maandishi kutoka chuoni ndilo la kulitegemea.

Wanaolenga vyuo binafsi vikubwa wajue kwamba vingi havipokei krediti zilizotumika pia kumaliza haiskuli. Vinafurahi kuona mtoto alithubutu, halafu vinamwanzisha sifuri. Hapo faida ni ya kupata nafasi, ya ada haipo.

Hatua ya pili: chagua njia

Njia ziko nne zinazofaa kujulikana. Ya tano, IB (International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa), ipo kwenye shule chache, na kama shule yenu haina, hiyo haikuhusu.

Ya kwanza ni kwenda chuoni kwenyewe, au kusoma na chuo kwa mtandao, badala ya baadhi ya masomo ya haiskuli. Hapa kwetu ndiyo PSEO. Wanafunzi wa darasa la 11 na la 12 wanaweza kwenda kwa muda wote au nusu. Wa darasa la 10 wanaanza na somo moja la ufundi, kama walifikia kiwango kwenye mtihani wa jimbo wa kusoma wa darasa la 8. Wakipata C au zaidi wanaruhusiwa kuongeza. Ada inalipwa na jimbo, na vitabu pia, ila vitabu ni mali ya chuo na vinarudishwa mwisho wa muhula. Mpango haulipii masomo ya kiangazi, wala yale ya kujiimarisha ambayo yako chini ya kiwango cha chuo. Familia yenye kipato cha chini inaweza kuomba kurudishiwa gharama za usafiri. Mimi sikujua hilo kwa mwaka mzima, na petroli niliichoma yangu.

Ya pili ni somo la chuo linalofundishwa ndani ya haiskuli, na mwalimu wa haiskuli aliyeidhinishwa na chuo. Mtoto anabaki na rafiki zake, hahitaji gari, na jina lake linaingia kwenye kumbukumbu za chuo vilevile. Kwa mtoto mwenye haya, au aliyefika Marekani juzijuzi, ningeanzia hapa.

Ya tatu ni AP (Advanced Placement). Hapa mtoto husoma somo gumu mwaka mzima shuleni, kisha Mei anafanya mtihani wa kitaifa. Alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi vya umma vinatoa krediti kuanzia 3. Vingine vinataka 4 au 5. Mtihani mmoja unagharimu karibu dola 100, na familia zenye kipato kidogo hupunguziwa, lakini lazima umuulize kaunsela, yaani mshauri wa wanafunzi pale shuleni. Mtihani huagizwa kupitia shule, kwa kawaida si zaidi ya katikati ya Novemba, ingawa unafanywa Mei. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Uzuri wa AP ni kwamba alama mbaya haikufuati: mtoto akipata 1, si lazima aipeleke popote. Ubaya wake ni kwamba mwaka mzima unategemea asubuhi moja.

Ya nne ni CLEP (College-Level Examination Program), na sijui kwa nini haizungumzwi zaidi kwenye jamii yetu. Ni mitihani zaidi ya 30 ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya bila kusajiliwa kwenye darasa lolote. Unasoma mwenyewe, unafanya, ukipata 50 kwenye kipimo cha 20 hadi 80, vyuo vingi vinakupa krediti. Ada iko chini kidogo ya dola 100, na kituo cha mtihani huongeza ya kwake. Shirika liitwalo Modern States lina masomo ya bure ya maandalizi mtandaoni, na ukimaliza somo wanakupa vocha ya kulipia mtihani. Wazazi mliotoka Kongo na Burundi, nisikilizeni: kuna CLEP ya Kifaransa. Pendekezo la kitaifa ni krediti 6 kwa anayepata 50, na 9 kwa anayefika 59. Mtoto aliyesoma hadi darasa la 6 kwa Kifaransa Bujumbura au Bukavu amekalia krediti hizo bila kujua. AP ya Kifaransa nayo ipo. Angalia tu kwanza kama chuo anachokitaka kinaipokea CLEP, si vyote.

Hatua ya tatu: karatasi na tarehe zake

Mwaka wa krediti hauanzi Septemba. Unaanza Januari na Februari ya mwaka wa shule uliotangulia, shule inapotoa maelezo na wanafunzi wanapochagua masomo. Mtoto akiwa darasa la 10, mwezi huo omba kikao na kaunsela. Hapa kaunsela ana wanafunzi mamia, hatakutafuta wewe. Mkalimani ni haki yako, shule inamleta bila malipo. Mwombe siku kadhaa kabla, wala usikubali mtoto awe ndiye mkalimani wa kikao kinachomhusu mwenyewe. Wangu alinitafsiria "anahitaji kuongeza bidii ya hisabati" kuwa "mwalimu wa hisabati amenisifia bidii".

Kisha maombi ya chuo. Kila chuo kina vigezo vyake vya GPA, yaani wastani wa alama, na tarehe yake ya mwisho, na vyuo vikuu vikubwa hufunga mapema kuliko vile vya miaka miwili. Vingi vinataka mtoto apimwe kiwango cha kusoma na cha hisabati. Kipimo hicho asikiendee kimzaha akitoka mazoezi ya mpira. Akionekana yuko chini, atapelekwa kwenye masomo ya kujiimarisha, na nimeshasema PSEO haiyalipii, kwa hiyo mlango unafungwa kwa muhula huo.

Shule lazima ijulishwe. Minnesota tarehe za kuijulisha wilaya kwa ajili ya muhula unaofuata ni Mei 30 na Oktoba 30. Kuna fomu ya jimbo ambayo mtoto, mzazi na kaunsela wanasaini. Piga picha kila kilichosainiwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi niliwahi kuambiwa na ofisi moja kwamba fomu yetu haijafika. Niliwaonyesha picha kwenye simu, ikapatikana.

Hatua ya nne: kuchagua masomo bila kujikwaa

Mtoto bado anadaiwa masomo ya kumaliza haiskuli. Chuo hakijali kama amekamilisha mahitaji ya diploma ya shule yake, hiyo ni kazi yenu na kaunsela.

Mtego mkubwa uko kwenye kubadilisha krediti. Sheria ya Minnesota inasema krediti 4 za chuo ni sawa na mwaka mmoja kamili wa somo la haiskuli. Sasa chukua Kiingereza cha darasa la 12, kinachohitaji mwaka kamili. Mtoto anakwenda chuoni, anasoma uandishi wa krediti 3, anafaulu vizuri, anarudi na robo tatu ya mwaka. Robo iliyobaki inamfuata hadi wiki ya mahafali. Chuo kingine kinafundisha uandishi uleule kwa krediti 4, na deni linaisha. Kwa hiyo andikeni jedwali: kushoto mahitaji ya diploma, kulia somo la chuo na krediti zake, halafu kaunsela asaini chini.

Muhula wa kwanza masomo mawili yanatosha. Nasema hivyo nikijua wazazi watakaonicheka, kwa sababu wanamjua mtoto wa fulani aliyemaliza haiskuli na shahada ya miaka miwili siku moja. Wapo. Lakini C mbili na F moja za umri wa miaka 16 zinabaki kwenye transkripti ya chuo, na kila chuo atakachoomba baadaye kitataka kuiona. Zinagusa hata msaada wa fedha: vyuo hupima kama mwanafunzi anamaliza kiasi gani cha krediti alizoanza, kwa kawaida karibu asilimia 67, na kama GPA yake imefika 2.0. Krediti za haiskuli zinaingia kwenye hesabu hiyo. Tena D ni ya kufaulu kwenye chuo alichosomea, lakini akihama vyuo vingi vinataka C.

Kwa mtoto ambaye Kiingereza bado kinamsumbua, usianze na historia yenye kurasa 60 za kusoma kwa wiki. Anza na hisabati kama anaiweza, au na ufundi: uchomeleaji, magari, usaidizi wa uuguzi. Mama mmoja wa Uvira tunayefanya naye zamu za usiku, bintiye alichukua usaidizi wa uuguzi kwa PSEO, akaanza kazi ya malipo kabla hajavaa joho. Kiingereza cha insha kilifuata mwaka wa pili, kikiwa kimeshanolewa na wagonjwa.

Hatua ya tano: wiki mbili za kwanza

Siku ya kwanza ya muhula kaa naye, fungueni akaunti ya chuo pamoja. Kila kitu kinakuja kwa barua pepe ya chuo, na vijana hawafungui barua pepe. Chapisheni silabasi ya kila somo. Zungusheni tarehe zote za insha na mitihani, zibandikeni kwenye friji. Likizo za chuo na za haiskuli hazifanani: wiki ya mapumziko ya haiskuli inaweza kuangukia wiki ya mtihani chuoni.

Kuna dirisha fupi la kuacha somo bila alama yoyote kubaki. Kwenye vyuo vya mfumo wa Minnesota State, kwa somo la muhula mzima, ni siku tano za kwanza za kazi. Baada ya hapo akiacha anaandikiwa W, ambayo haishushi GPA lakini inahesabiwa kuwa alianza na hakumaliza. Akiacha tu kuhudhuria bila kujiondoa, anapata F. Kwa hiyo Ijumaa ya wiki ya kwanza mwulize swali moja: hili unaliweza au tulitoe leo?

Sasa jambo lililoniudhi. Katikati ya muhula nilipiga simu chuoni kuulizia alama za binti yangu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zake zote, akaniambia hawezi kunieleza chochote. Nikamwambia ana miaka 16, nimemzaa mimi. Akasema anaelewa, lakini sheria ya kulinda kumbukumbu za wanafunzi, FERPA ya mwaka 1974, inahamishia haki hizo kwa mwanafunzi pindi tu anapojiunga na chuo, hata kama hajafika miaka 18. Nililala na hasira. Dawa yake ni fomu ya ruhusa ambayo mtoto anaisaini ili chuo kiweze kuzungumza nawe. Isainiwe siku ya kusajiliwa, kukiwa bado na amani nyumbani. Haki zako juu ya kumbukumbu za haiskuli unabaki nazo.

Ukiwa jimbo jingine

Ohio mpango unaitwa College Credit Plus, uko wazi kuanzia darasa la 7, na kwenye vyuo vya umma ada na vitabu ni bure. Shule ijulishwe mapema, kwa kawaida kufikia Aprili 1, na mtoto akifeli shule inaweza kudai fedha zake. Washington wana Running Start kwa darasa la 11 na 12: ada hamlipi, vitabu mnalipa. Texas, tangu mwaka wa shule wa 2023–24, mpango wa FAST unawaondolea ada wanafunzi waliostahili chakula cha bure au cha bei nafuu shuleni, kwenye vyuo vilivyojiunga nao. Georgia inalipa, lakini imeweka kikomo cha krediti 30. Popote ulipo, swali la kumpelekea kaunsela ni moja: nani analipa ada, nani analipa vitabu, na mtoto akifeli nani anadaiwa?

Kiswahili chenyewe ni krediti

Hili nililijua kwa kuchelewa. Majimbo ya Marekani, tangu California ilipoanza mwaka 2011, hutoa muhuri wa lugha mbili kwenye diploma ya mwanafunzi anayethibitisha kuwa anaijua lugha nyingine pamoja na Kiingereza. Minnesota imeenda mbali zaidi. Vyuo vya Minnesota State vinatoa krediti za mihula miwili ya lugha kwa mwenye cheti cha umahiri, mihula mitatu kwa muhuri wa dhahabu, na minne kwa wa platinamu. Bure. Kiswahili kimo kwenye mitihani ya Avant STAMP, ambayo wilaya nyingi zinaitumia.

Mwombe kaunsela au mwalimu wa lugha mapema, darasa la 11, kwa sababu shule huwa haina habari kwamba mtoto wako anazungumza Kiswahili kama hakujaza hivyo siku ya kuandikishwa. Tatizo la watoto wetu si kuongea. Ni kuandika. Binti yangu aliandika "nimeendaga" kwenye zoezi la kwanza, na "kwa sababu" akaiandika neno moja. Tukaweka utaratibu: kila jioni habari moja ya BBC Swahili au DW, aisome kwa sauti, halafu aandike mistari kumi bila kuangalia. Jumapili anamtumia bibi yake wa Tanga ujumbe mrefu wa maandishi, na bibi ana masharti: ukikosea anarudisha. Wiki sita. Alipata dhahabu.

Krediti haziji zenyewe. Mtoto anazidai chuoni ndani ya miaka mitatu ya masomo tangu amalize haiskuli, akiwa na karatasi ya muhuri. Kaka yake, ambaye Kiswahili chake kinampita mdogo wake kwa mbali maana alihama Tanga akiwa na miaka 9, aliniuliza kama na yeye anaweza kuufanya mtihani huo sasa. Muhuri hutolewa na haiskuli, na yeye alishamaliza.